Karatasi ya Nesi Haikutaja Jembe

Yule nesi mzungu wa dispensari yetu hakujua kudanganya, na nusura hilo litumalize sisi wawili. Mimi sikusoma sana, niliachia darasa la pili, lakini hili nalijua: ukweli ni kama chumvi, unatiwa penye chakula, humwagi tu njiani.

Ilikuwa miaka ya sabini, huku Matinyani. Nesi alikuwa mama wa makamo, hana mume, miguu mirefu, sauti ndogo. Alikaa nchini kwa karatasi ya serikali, na karatasi hiyo ilikuwa na masharti. Siku moja tukichambua ndengu kwake alinisomea yote. Afanye unesi tu, na hapo dispensari tu. Asifanye kazi nyingine, awe analipwa au halipwi. Akihama nyumba aseme. Akitoka nchini arudi kabla ya tarehe iliyopigwa muhuri, la sivyo mlango umefungwa, aanze kuomba upya kama mtu asiyejulikana.

"Hata mke wa tatu hafungwi hivi," nikamwambia.

"Lakini nilikubali mwenyewe."

"Hata huyo wa tatu hukubali mwenyewe."

Sasa, mimi nilikuwa kiongozi wa mwethya, kikundi cha akina mama cha kuchimba mitaro mashambani ili mvua isibebe mchanga. Unachimba, unatupa mchanga upande wa juu, unakuwa ukingo. Leo kwangu, kesho kwako. Korongo lilikuwa limeanza kula uwanja wa nesi mpaka karibu na choo chake, tukaenda tukamchimbia siku tatu. Na sheria ya mwethya ni moja: aliyechimbiwa naye huchimba. Kwa hivyo kila Alhamisi alfajiri, kabla ya kufungua dispensari, nesi alikuja na jembe. Yale masharti nilikuwa nimeyasikia, ndiyo. Lakini niliona serikali iko mbali na korongo liko karibu.

Mwaka ule mama yake akawa mgonjwa huko kwao. Nesi akapigiwa muhuri wa kutoka na kurudi, akaenda, akakaa miezi minne. Mimi nilikuwa na mimba, na zile siku zake nilizihesabu kuliko yeye, kwa sababu mtoto wangu wa kabla ya huyo alikuja miguu mbele, na ni huyo nesi aliyenirudisha kutoka kaburini. Mkunga alikuwa ameshanifunika uso.

Alirudi zikiwa zimebaki siku mbili kwa tarehe yake. Uwanja wa ndege walimwambia apeleke karatasi zake ofisi ya Kitui Jumatatu, zikaguliwe na kuongezwa muda. Alifika kwetu Jumatano jioni. Alhamisi alfajiri nilikuwa mlangoni kwake.

"Pole kwa ugonjwa wa mama. Umekosa Alhamisi kumi na saba."

"Najua. Lakini kwanza nipeleke karatasi..."

"Karatasi haina miguu, haitakimbia. Chukua jembe."

Nilimpimia hatua sita za mtaro badala ya tatu, kwa hatua zangu mimi, na hatua zangu ni ndefu. Wenzangu wakaguna. Nikawatazama, wakainama kuchimba.

Jua halijapanda vizuri pikipiki ikaja. Akashuka kijana wa ile ofisi, faili kwapani, viatu vinang'aa. Mtu alikuwa amepeleka maneno Kitui kwamba mzungu wetu amekuwa mkulima wa kila Alhamisi. Ninamjua mtu huyo. Alikuwa akidunga watu sindano nyuma ya duka lake, nesi akamkataza. Ameshakufa, namwachia Mungu.

Kijana akasimama ukingoni, akatazama chini. Nesi alikuwa ndani ya mtaro mpaka kiunoni, nywele zimejaa mchanga.

"Wewe ndiye nesi?"

"Ndiyo mimi."

"Na unafanya nini humo?"

"Ninachimba," akasema.

Mungu wangu.

"Karatasi yako inasema unesi. Nikiandika hiki ninachokiona, utarudi ulikotoka. Unaelewa?"

"Ninaelewa. Ni kweli."

Tumbo langu lilikuwa la miezi minane. Na niseme wazi: sikumwogopea yeye, nilijiogopea mimi. Na ni mimi niliyemtoa kitandani siku ile, si mtu mwingine. Nikapuliza filimbi yangu ya kuitia mwethya, akina mama wakamzunguka yule kijana.

"Kijana, kwenu ni wapi?" nikamuuliza.

"Matiliku."

"Na Matiliku hakuna mwethya? Mama yako hakukufundisha kwamba watu wakichimba husimami ukingoni mikono mitupu?"

Akaona haya. "Mama, niko kazini."

"Hata sisi. Shika."

Mwenzetu mmoja mfupi, mwenye mdomo, akamnyang'anya faili na kumtia jembe mkononi. Kijana akacheka, akavua koti, akaingia. Na alijua! Mchanga wake ulipanda juu na kukaa. Wakampigia vigelegele, nikafikiri yamekwisha. Lakini alipomaliza hatua moja akapangusa jasho, akaitisha faili yake.

"Sasa niulize vizuri. Huyu mama analipwa hapa?"

"Analipwa matusi," akasema yule mfupi. "Mlipaji ndiye huyu." Akaninyooshea kidole.

"Amechukua kazi ya Mkenya?"

"Yangu aichukue yote, na hii jembe nampa bure."

Wakacheka mpaka kijana mwenyewe akacheka, lakini kalamu ilikuwa imeshatoka mfukoni. "Nesi," akasema, "nakupa nafasi. Labda ulikuja kuangalia wagonjwa hapa shambani?"

Alikuwa amemfungulia mlango wa kupitisha ng'ombe na mzigo wake. Nesi akafikiri. Akasema, "Hapana. Nilikuja kuchimba."

Nilitamani kumpiga na jembe. Badala yake nikashika tumbo, nikajiangusha chini. "Uuui! Uuui, mwaitu!" Nilimlilia mama yangu, aliyekufa zamani, na huko aliko nadhani alinisikia.

Nesi aliruka kutoka mtaroni kama mbuzi. Akafuta mikono kwa leso ya mtu, akanipapasa huku na huku. Nikamnong'oneza, "Ni uongo. Endelea kushika." Mikono yake ilikuwa imesimama hapa chini ya mbavu. Akabonyeza tena, uso ukabadilika.

"Kichwa kiko juu," akasema polepole. "Kama yule mwingine. Usiende popote mwezi huu."

Kutoka hapo sikuhitaji kuigiza.

Kijana akaandika, akatusomea: amemkuta nesi shambani akimpima mwanamke mjamzito. Akakumbusha karatasi zifike Jumatatu, akawasha pikipiki, akaenda.

Mngefikiri nesi angenishukuru. Siku tatu hakunisemesha. Jumatatu asubuhi akaja kwangu amevaa viatu vya kanisani.

"Twende Kitui. Utamwambia ulidanganya."

"Si ulisema nisiende popote?"

"Nitakuwa na wewe."

"Na akikufukuza, nani atanizalisha?"

"Mungu."

"Mungu ndiye alikuleta wewe!"

Tukaenda. Nilisimama mbele ya meza ya yule kijana na tumbo langu, nikasema yale maumivu yalikuwa ya uongo, mtoto kukaa vibaya ni kweli, na kosa la jembe ni langu, mimi ndiye niliyemwamsha. Sikuwa nimewahi kuomba msamaha kwa mtu mdogo hivyo.

Kijana alinitazama. "Mama, kwetu tumezaliwa tisa na mimi ni wa kwanza. Nimesikia mwanamke akiumwa mara nane. Hakuna hata mara moja alifungua jicho moja kuangalia kama ninaandika."

Akachukua muhuri, akaigonga karatasi ya nesi. Miaka miwili mingine. "Lakini Nesi, nisikuone tena na jembe. Alhamisi ukienda kwa hawa, beba mkoba wa dawa."

"Na maua yangu pale mlangoni," nesi akauliza, "nikiyamwagilia maji, hicho ni kilimo?"

Nilimkanyaga mguu kabla kijana hajafungua mdomo.

Zile hatua zake zilizobaki, wenzangu walisema ni zangu, nizichimbe nikishapata nguvu. Nilikasirika sana, lakini walikuwa na haki.

Wiki tatu baadaye maumivu yalinishika mchana, nikipeta mahindi. Yule mfupi akanikokota mpaka dispensari, nami napiga kelele njia nzima. Nesi akatoa kichwa dirishani. Kwanza akatazama barabarani kama kuna pikipiki.

"Hiki kilio ni cha kweli?"

"Njoo ujionee mguu!"

Akaja. Ulikuwa mguu wa kushoto, na msichana mwenyewe akafuata nyuma yake, mzima, akilia kuliko mimi.