Kirusi Changu Hakikutoka kwa Mume Wangu

Kabla sijaugua nilikuwa nalima ufuta Kilangala, na palizi ya shamba zima niliimaliza mwenyewe. Na niseme mapema, mimi ni mtu wa kushuku. Hata nikiletewa maji ya kunywa nayanusa kwanza.

Ugonjwa ulianza na uchovu. Nikishika jembe, mikono inatetemeka. Kisha mwili ukaniwasha hadi nikajikuna nikatoka damu, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, macho yakageuka manjano. Nikasema nimerogwa. Nikaacha kula chochote kilichopikwa na wifi yangu, na hali ikazidi.

Hospitalini wakaniambia ni homa ya ini aina C, nayo inakaa kwenye damu. Nesi akauliza kama niliwahi kuchanjwa kwa wembe. Chale za kutibu maumivu ya kichwa nilichanjwa mara nyingi, na wembe ule ulipita kwa wengi. Hilo nililimeza, sikumwambia. Mawazo yangu yote yalikuwa kwa mume wangu, Bakari, dereva wa lori la korosho, leo analala Mingoyo, kesho Mtwara. Nikajua huko ndiko alikoutoa.

Bakari naye akapimwa, ikaonekana aliwahi kuupata. Basi. Nikamtengea sahani na kikombe, nikamwambia anipe talaka yangu. Akaapa kwamba hajawahi kuniletea mtu wala maradhi. Sikumsikia.

Daktari, mama mmoja mpole, aliposikia ugomvi wetu akataka damu zetu tena, aone kama kweli ugonjwa niliutoa kwake. Nikamuuliza ile ya kwanza wameipeleka wapi. Akacheka, mimi sikucheka. Akanieleza kwamba kirusi hiki kina koo mbalimbali, na mwili hutengeneza kingamwili za kupambana na ukoo uliouingia. Maabara wana vipande vidogo vya protini, vinavyofanana na vya kila ukoo. Wakivitia damu, kingamwili hunasa vile zinavyovijua.

"Kwa mumeo kirusi chenyewe hakipo tena," akasema. "Mwili wake ulikifukuza. Zimebaki kingamwili, nazo hazijasahau."

Hata hapo nilitaka majina yaandikwe kwenye vichupa mbele ya macho yangu. Wakaandika.

Majibu yalichukua wiki nyingi. Kingamwili za Bakari zilinasa vipande vya ukoo wa kwanza, zangu vya ukoo wa nne. Daktari akasema wangu sikuutoa kwake. Bakari akakumbuka ajali ya lori ya zamani, alipoongezewa damu. Mimi nikaukumbuka wembe, nikaona haya.

Nilimeza vidonge miezi mitatu. Macho yakawa meupe, mkojo ukatakata, na kipimo cha mwisho hakikukiona kirusi. Alhamdulillahi. Wenzangu, nendeni mkapimwe, na msikubali kuchanjwa kwa wembe wa mwingine. Mkishapona, kipimo cha haraka kinaweza bado kuonyesha alama, kwa sababu kingamwili hubaki. Msitaharuki, ombeni kirusi chenyewe kipimwe.

Lakini nisiwafiche. Siku ile ya majibu nilimwomba Bakari msamaha, nikamwambia sasa namwamini. Akaikunja karatasi ya maabara, akaniwekea mkononi.

"Mama Zuhura," akasema, "umeniamini mimi, au umeiamini hii?"

Ini langu limepona. Swali lake bado sijalijibu.