Skrubu Mbili za Bunduki ya Marehemu

Mume wangu alipofariki, ndugu zake waligawana vitu kwa siku moja. Shemeji yangu mkubwa alichukua pikipiki. Wifi yangu akachukua kabati, na cherehani niliyokuwa nikilishia watoto. Mimi nikaachiwa bunduki ya kuwindia. Wifi mwenyewe ndiye aliyeilaza miguuni pangu.

"Uliiharibu wewe," akasema, "basi kaa nayo."

Watu wakacheka kwa sauti ya chini, maana msiba ulikuwa haujaisha.

Miaka kumi na mmoja nyuma, nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi yetu, na mume wangu akaenda kuwavizia. Risasi ya kwanza ilitoka. Ya pili ikakwama, na nguruwe aliyejeruhiwa akamgeukia akamvunja mguu. Sasa, siku iliyotangulia, mimi nilikuwa nimeisafisha bunduki ile. Mume wangu hakutafuta sababu nyingine. Alisema nimeijaza grisi, na tangu hapo mtaa mzima ukaniita Mama Grisi. Alipooa mke wa pili aliwaambia watu kwamba wa kwanza nusura amtie kaburini. Nilikumbuka nilivyopangusa, lakini bunduki sikuijua ndani. Huenda ni kweli niliiharibu.

Kwa hiyo kibali cha kuimiliki kilipotoka kwa jina langu, wengi walidhani nitaiuza. Nilichotaka ni kujua kitu kimoja tu, kama ni mimi au si mimi. Nikaizungushia blanketi, nikachukua na karatasi ya polisi, nikaenda kwa Polepole.

Polepole ni fundi wa kufuli, mizani, cherehani na bunduki. Karakana yake ni chumba cha nyuma ya nyumba yake, chenye dirisha moja na meza ndefu iliyochimbika kwa kupigwapigwa. Jina hilo walimpa wateja waliochoka kusubiri, naye halimuudhi. Huwaambia kwamba fundi wa haraka yupo ng'ambo ya barabara, na kazi za huyo fundi wa haraka huzipokea yeye kila Jumatatu. Alifanya kazi na marehemu, kwa hiyo huniita shemeji.

Kwanza aliikagua kama haina risasi. Akatazama, kisha akatia kidole kuhakikisha, ingawa nilimwambia haina. Halafu badala ya kuifungua akaanza kuniuliza maswali, kama daktari. Inakwama ikiwa tupu au ikiwa na risasi? Inakwama juu au chini? Siku zote au mara mojamoja? Sikuweza kujibu hata moja. Miaka yote hiyo watu walinisema, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Basi tuiulize yenyewe," akasema.

Bunduki hii haina kishikio cha kuvuta pembeni. Chini yake ina wenzo, mkono wa chuma wenye tundu la kuingiza vidole. Ukiusukuma wenzo mbele, ganda la risasi iliyopigwa linaruka nje. Ukiurudisha, risasi mpya inaingia. Nilidhani mambo ni hayo tu. Polepole akanionyesha kwamba risasi zimelala kwenye bomba chini ya mtutu, zimefuatana kama watu kwenye foleni, na nyuma yao kuna springi inayowasukuma. Inayofika mwanzo inapandishwa na kipande kidogo cha chuma anachokiita kijiko. Akaingiza risasi za bandia, za shaba tupu, akanipa nijaribu mwenyewe. Nikasukuma wenzo taratibu.

"Usiibembeleze, shemeji. Hiyo si mtoto. Sukuma hadi mwisho."

Nikasukuma hadi mwisho. Ya kwanza ikaingia. Ya pili, kijiko kikapanda nusu kikagoma, na wenzo ukawa kama umefungwa kwa kamba. Polepole akatabasamu. Sijui mafundi wana nini. Kitu kikigoma, wao ndio hufurahi.

Alisafisha bomba kwa brashi ndefu. Uchafu ulikuwepo, lakini akasema ni wa kawaida, na hakuna grisi. Akabadilisha springi kwa kuijaribu tu, bado ikagoma. Akarudisha ya zamani. Hapo ndipo akaanza kufungua skrubu, na kila moja akaichomeka kwenye ubao wenye matundu, mahali pake, kwa kufuata umbo la bunduki alilolichora kwa kalamu ya risasi. Nikamuuliza ubao ule ni wa nini.

"Skrubu zinafanana," akasema, "lakini si ndugu. Ubao huu nilianza kuutumia miaka kama minane iliyopita. Kabla ya hapo nilitumia kichwa."

Alipotoa kijiko akakipeleka dirishani. Ubavuni kilikuwa na mkwaruzo mwembamba unaong'aa, kama alama ya kucha kwenye ngozi. Nikaushika. Nikauliza kitu gani humo ndani kinaweza kukwaruza. Akachukua skrubu ya ubavuni mwa bunduki, akaipima kando ya ile ya kwenye wenzo. Ya ubavuni ilikuwa ndefu zaidi, wakati ilipaswa kuwa fupi. Ncha yake ilikuwa inachungulia ndani na kukisugua kijiko.

Akaniuliza, bila kunitazama, kama siku ile niliposafisha niligusa skrubu hii.

Nilikumbuka vizuri. Kichwa chake kilikuwa kimejitokeza kidogo, kimelegea, nami nikachukua kisu cha jikoni nikaikaza mpaka ikalala sawa na chuma. Ningeweza kusema sikumbuki.

"Niliikaza," nikasema. "Kwa kisu."

Kwa kuwa sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikakigeuza kitako cha bunduki kilichokuwa mezani kimefunguliwa. Ndani ya mbao kulikuwa na mikwaruzo miwili midogo na nukta moja, imechorwa kwa makusudi.

"Hii ni alama ya nani?"

Polepole alinyanyuka akaenda kunawa mikono. Akanawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akajifuta kidole kimoja kimoja.

"Ni yangu," akasema. "Marehemu aliniletea nibadilishe springi, wiki mbili kabla ya kuumia. Skrubu hizi mbili nilizipishanisha, kila moja nikaitia kwenye tundu la mwenzake. Ndefu haikukaa vizuri, nikaiacha imelegea nikidhani tundu limelika. Wewe uliona skrubu imelegea ukaikaza. Mtu yeyote mwenye akili angeikaza."

Nikakaa. Sikulia, ingawa labda alitegemea nilie. Niliwaza juu ya mguu wa mume wangu, juu ya mke wa pili, juu ya cherehani yangu iliyo chumbani kwa wifi.

Akaanza kuniomba radhi, nikamkatiza. Nilimwambia mimi maneno hayo nimeshayasikia. Ayapeleke kwa wifi.

Ndicho ninachomheshimia mtu yule. Angeweza kuziweka skrubu mahali pake akanyamaza, nami nisingejua chochote. Aliifunga bunduki, tukaijaribu risasi zote sita za bandia, zikapita bila kusita. Kisha akaniongoza hadi kwa wifi akiwa bado amevaa aproni. Wifi alikuwa uani anachambua maharage. Polepole akaeleza yote akiwa amesimama, pamoja na kisu changu cha jikoni.

Wifi akauliza kama anataka kusema marehemu kaka yake alikuwa mwongo.

"Hapana. Alikuwa hajui, na mimi nilikuwa sijui," akasema fundi. "Anayejua ni huyu, kwa sababu ndiye aliyeuliza."

Wifi akarudi kwenye maharage yake. Hakuniomba radhi na cherehani hakuirudisha, na mimi sikutarajia.

Siku hizi kila mwisho wa mwezi naifungua bunduki mwenyewe. Polepole alinichorea ubao wangu. Napangusa, natia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba ya wenzo, siyo mawili, na naangalia kama skrubu fupi iko ubavuni. Shambani nguruwe wameanza kunijua.

Juzi wifi aliniona njiani akaniita kwa mbali, kama alivyozoea, "Mama..." Akakwama hapo. Alitafuta amalizie na nini, macho yakizunguka. Nilisimama nikamsubiri, wala sikumsaidia.