Penalti ya Ijumaa Jioni

Jumapili iliyopita nilikuwa nimeketi katika hoteli moja hapa Kisii mjini, nakunywa chai ya maziwa na mandazi mawili, macho yangu kwenye televisheni kama ya kila mtu mle ndani. Ikatolewa penalti. Washambuliaji wakasogea kando, na kutoka nyuma kabisa akaja beki mmoja mrefu, anatembea polepole kama mtu anayeenda kumfunga ng'ombe, akauchukua mpira. Kijana wa meza ya jirani akashangaa: "Sasa huyo si ni beki? Anapiga penalti ya nini?" Wenzake wakaanza kubishana. Swali hilo, rafiki yangu, mimi nililiuliza nikiwa darasa la saba, na sikumwuliza mtu mmoja tu.

Maana beki mwenyewe nilikuwa mimi. Namba tano, timu ya wasichana ya shule yetu ya msingi, upande wa Sironga. Uwanja wetu uliinama, kwa sababu kwetu Nyamira hata mahali tambarare pa kuweka sufuria ni pa kutafutwa. Mpira ukitoka upande wa chini uliingia kwenye majani chai, na aliyeutoa ndiye aliyeufuata, akarudi sketi imelowa mpaka kiunoni. Mwalimu wetu wa michezo, mwanamke mwembamba aliyekimbia na raba zake nyeupe huku leso imefungwa kiunoni, siku moja alitupanga mstari, akatutazama mmoja mmoja, kisha akaniambia, "Penalti ni zako." Hakueleza. Namba tisa, aliyefunga karibu mabao yetu yote na aliyekuwa na miguu miepesi kuliko sisi sote, aliguna. Na mimi ningekuwa yeye ningeguna.

Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Nilimwuliza mwalimu mara tatu ndipo akanijibu, tukiwa tunakunja neti: "Mshambuliaji akikosa, anashika kichwa na kukaa pale pale. Beki akikosa, anakumbuka ameacha nyuma wazi, anakimbia kurudi." Jibu hilo halikunitosha. Nikamwuliza jirani yetu, mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha chai cha Itumbe na ambaye hakukosa mechi hata moja. Yeye alisema ni suala la miguu tu, miguu ya beki haijapigwa viatu mchana kutwa. Basi kwa wiki nzima nikawa naichunguza miguu ya wenzangu wakivua soksi. Nikagundua kwamba miguu iliyopigwa zaidi ya yote ilikuwa yangu.

Mwisho nilimwuliza nyanya, ambaye ndiye aliyenilea. Tulikuwa jikoni, anasonga ugali wa wimbi, moshi umetukaa machoni, mboga za saga zinachemka na maziwa pembeni. Nyanya aliuona mpira kuwa kazi ya watu wasio na ng'ombe. Hata hivyo alifikiri kidogo, mwiko mkononi, akasema, "Afungaye mlango kila siku ndiye anayejua unapofungukia." Kisha, kama aliyejuta kujibu, akanituma maji.

Kumfanya nyanya akubali nicheze ilikuwa kazi. Alikuwa Msabato wa kweli, na Ijumaa kwetu ilikuwa na sheria zake. Maji yatekwe, ndizi na maharagwe ya kesho yapikwe, nguo zipigwe pasi ya makaa, viatu ving'ae, na yote yaishe jua halijazama. Mechi za shule nazo zilipendwa kuwekwa Ijumaa. Mwalimu alikuja nyumbani kumwomba, akapewa maziwa lala, akakaa. Nyanya akakubali kwa sharti moja, akanifanya nilirudie mbele ya mgeni: Ijumaa, jua likizama, nitatoka uwanjani popote mchezo ulipofika. Nikikiuka, mpira umekwisha, nitakuwa nikitoka shuleni naingia kwenye chai. Niliahidi. Na usidhani niliahidi kwa kuogopa kuchuma chai tu. Niliiamini Sabato jinsi nilivyoamini kwamba kesho kutakucha.

Sasa, mechi yetu ya mwisho ya kundi iliangukia Ijumaa. Tulicheza kwetu, na shule moja kutoka upande wa Ikonge. Wao walikuwa na pointi nyingi kuliko sisi, kwa hiyo sare ilitosha kuwapeleka mbele. Sisi lazima tushinde. Mechi ilikuwa ianze saa nane. Saa nane kasoro mvua ikashuka, ile ya kwetu ya kila alasiri, ila siku hiyo ikasahau kwenda. Tulijibanza chini ya mabati ya madarasa tukiimba ili tusiogope. Tulipoingia uwanjani ilikuwa saa kumi na moja na robo imepita, na ardhi imekuwa uji.

Wakafunga wao. Namba tisa akasawazisha. Mawingu yalikuwa mazito hivi kwamba sikuweza kuliona jua, nami kila mpira ulipotoka nilitazama magharibi. Ndipo, dakika zimebaki chache kabisa, namba tisa akaangushwa ndani ya boksi. Filimbi. Penalti.

Nilitembea kutoka nyuma. Hujui urefu wa uwanja mpaka uutembee watu wote wakikutazama. Nikauweka mpira, nikaufuta matope kwa kiganja, nikarudi hatua nne. Upande nilioutaka nilikuwa nimeshauchagua. Kipa wao alikuwa msichana mnene mwenye macho ya upole, na nakumbuka nilimhurumia.

Hapo ndipo nikasikia nyimbo. Kanisa letu liko juu ya kilima kinachoutazama uwanja, na kila Ijumaa waumini walikusanyika huko kuipokea Sabato kwa kuimba. Hawakuwahi kuanza kabla ya jua kuzama. Mzee wa kanisa alikuwa na kalenda ukutani yenye saa ya machweo ya kila wiki, na hakuwa mtu wa kukosea. Wimbo ulishuka polepole juu ya majani chai yenye maji, sauti za akina mama kwanza, kisha zile nzito.

Nikasimama. Namba tisa akaja mbio. "Wewe, piga! Hiyo ni mawingu tu, jua bado iko!"

"Unasikia kanisa?" nikamwuliza.

"Nasikia! Sasa utatuua kwa sababu ya wimbo? Si upige tu haraka!"

Nilimtazama mwalimu. Alikuwa ameshika ncha za leso yake kwa mikono miwili. Angeweza kupaza sauti niipige, na labda ningeipiga. Alisema tu, "Hiyo ahadi ni yako, mtoto wangu. Mimi siwezi kukuamulia." Nikatoka. Sijui nilifikaje kwenye mstari, nakumbuka tu kwamba miguu ilikuwa mizito kwa matope na nilikuwa nikilia kwa sauti. Nyuma yangu namba tisa aliipiga ile penalti. Mpira ulipaa juu ya mwamba wa goli, ukapotelea kwenye chai.

Hakuna aliyenisemesha nikienda nyumbani. Wengine walitembea upande wa pili wa barabara. Nyanya nilimkuta ameketi mlangoni na taa imeshawashwa, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza. "Sabato njema," akasema, akaniwekea maji ya moto ya kuosha miguu. Basi. Nilitaka anisifu, au anikumbatie, au hata aseme kwamba mpira ni upuuzi. Nililala nimemkasirikia yeye na Sabato yake.

Siku iliyofuata ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Kanisani watu walinigeukia, kila mmoja amesikia. Nyanya alikaa wima kando yangu, hanitazami. Adhuhuri tulikula ndizi baridi na maharagwe. Alasiri alifungua Biblia, akaifunga, akaifungua tena. Mara mbili nilimwona amefumbua mdomo kama anayetaka kusema neno, akatikisa kichwa, akameza. Nikadhani ni mgonjwa.

Jua likazama. Tukaifunga Sabato kwa sala, na "amina" haijamtoka vizuri akanigeukia na kuniuliza kwa Kigusii, haraka haraka kama mtu anayetua mzigo, "Omwana one, mwanangu, ile penalti, ungeipiga upande gani?"

Nilidhani sikusikia. Akauliza tena. Alikuwa amelibeba swali hilo tangu jana, mwanamke yule, akiogopa kuzungumza habari za mpira siku ya Bwana.

"Kulia, chini," nikasema.

"Nionyeshe."

Akainuka na magoti yake mabovu, akasimama katikati ya mlango wa jikoni, akafunga leso, akainua mikono yote miwili. Nilikuwa na mpira wa makaratasi niliousuka kwa nyuzi za migomba. Nikauweka, nikarudi hatua nne. Nikapiga kulia, chini. Nyanya aliruka, kama kule kunaitwa kuruka, akaanguka kushoto kwangu juu ya gunia la mahindi, na mpira ukapita ukagonga vyungu mle ndani. Alicheka pale chini mpaka machozi. Nikamwinua, nami nikicheka, na hasira yote niliyokuwa nayo sikuiona tena.

Jiko lile lilibomolewa baada ya mazishi yake. Uwanja wa shule umejengwa madarasa, na kipande kilichobaki kimepandwa chai. Watu wengi wamenisikia nikisimulia habari za Ijumaa ile, na wote huniuliza kama najuta. Upande ambao ningepiga, mtu mmoja tu aliwahi kutaka kuujua, na alingoja siku nzima ndipo akauliza.