Mshenga wa Pilipili ya Tukuyu

Bupe ni mtu wa Lanham, Marekani, mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi yake ni kuwatunza wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwasikiliza. Lakini mkimuulizia kanisani, hamtaambiwa habari za wazee. Mtaambiwa, "Aah, Bupe wa pilipili!"

Pilipili yenyewe hutengenezwa Tukuyu na kaka yake, Gwakisa, mwenye kiwanda kidogo cha watu ishirini. Ilianza kuja Marekani chupa sita sita, zimeviringishwa kwenye nguo za msafiri. Leo iko katika maduka manane, Lanham hadi Alexandria, na Bupe ndiye anayezungusha maboksi siku zake za mapumziko.

Adui wake ni bahari. Mzigo huchukua miezi miwili, ukifika bandarini hukwama kwa ajili ya karatasi, na ushuru leo uko hivi, kesho vile. Mwaka huu pilipili iliisha Machi. Iliporudi Mei, maduka mawili yalikuwa yameshawapa wengine nafasi yake rafuni. Bupe hakulia. Alitafuta mpaka akapata jiko la kupanga nyuma ya ghala moja hapo Lanham, lenye kibali cha kupikia vyakula vya kuuza. Mwenye jengo akampa mpaka Ijumaa awe ameamua. Gwakisa naye alikuwa amekuja kutembea, na Jumamosi anaondoka.

Sasa atamwambiaje? Kwao mdogo hamfundishi kaka biashara aliyoianzisha mwenyewe. Jambo zito hutafutiwa mshenga. Basi akamwendea Mzee Dunstan, dereva wa teksi kule Alexandria, Mchaga mwenye ulimi laini, ambaye posa za vijana wengi wa Kitanzania wa huku zimepitia kwake.

Jumatano mchana Mzee Dunstan akabisha hodi, koti limenyooka, kofia mkononi. Bupe akamimina chai, kisha akajifanya ana kazi jikoni. Mlango aliuacha wazi.

"Nimetumwa," Mzee Dunstan akaanza.

"Dada yangu ana mume, mzee," Gwakisa akasema. "Yuko kazini. Umechelewa."

"Siposi mtu. Naposa pilipili. Kuna watu huku wanaipenda, wamechoka kuisubiri. Wanataka ipikwe hapa hapa."

Gwakisa akacheka mpaka akashika mbavu. "Bupe! Umenitumia Mchaga kwenye biashara? Nikimkubalia leo, kesho si nitaikuta kwao Moshi?"

"Ningeitaka Moshi, ingekuwa imeshafika," mzee akajibu, akanywa chai yake.

Kicheko kikaisha. Gwakisa akasema, "Pilipili ni ya Tukuyu. Ni mvua ile na udongo ule. Nikileta kiwanda huku, wale watu wangu ishirini nitawaambia nini?"

"Nani kakwambia uhame? Hao wageni wanaojenga viwanda vya magari huku, unadhani wamefunga vya kwao? Nawabeba kwenye teksi. Siku moja nikamuuliza mmoja: bwana, kwenu kuna kila kitu, huku mnafuata nini? Akasema, tunamfuata mnunuzi. Akiagiza leo, asisubiri meli. Umeme upo, barabara ipo, na ushuru ukipanda, sisi tayari tuko ndani."

"Hao wana mabilioni. Mimi nina sufuria."

Hapo Bupe akashindwa kujizuia. "Kaka, chupa na maji ndivyo vinavyokula nauli! Limeni huko, kausheni, sageni, mtume unga wa pilipili tu. Maji yapo hapa! Kwa mzigo uleule nitajaza chupa mara tano, na watu wako watasaga zaidi ya sasa."

"Bupe!" Mzee Dunstan akageuka. "Aliyetuma mshenga hasemi!"

"Mwache," Gwakisa akasema. Akakizungusha kikombe. "Nani atapika? Mashine haina ulimi."

"Mimi. Jiko la kupanga nimeshalipata, mwenye jengo anangoja jibu Ijumaa. Kazini nitapunguza shifti."

"Basi kesho tukapike huko huko, kwa maji ya huko. Nionje."

Alhamisi mwenye jengo akawafungulia lile jiko wajaribu. Bupe akakaanga vitunguu saumu, akatia karoti, siki, na unga wa pilipili ambao Gwakisa alikuwa amemletea zawadi. Kaka mtu alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, kama msimamizi wa mtihani. Akaonja. Akatazama dari.

"Chumvi imezidi. Na siki ya huku ni kali, punguza."

Bupe akainamia sufuria kuficha tabasamu. Anamjua kaka yake. Kitu asichokitaka hukisifia kwa upole, kisha huaga.

Sufuria ya pili ikawa nyepesi mno. Ilipofika ya tatu, Gwakisa alikuwa ameshavua koti, anakoroga mwenyewe, anamgombeza dada yake kuhusu moto. Akaonja, akalamba kijiko, akaonja tena.

"Huyo mwenye jengo anapatikana saa hizi?"

"Anapatikana, kaka."

"Mpigie. Ijumaa ya nini?"