Fungu la Kabanga

Clotilde Mwadi alilea mapasa wake, wanawe pacha Mbuyi na Kabanga, kwa sheria moja tu, na aliishika hata pale ilipochekesha. Mmoja akinunuliwa shati, mwingine naye anunuliwe la aina ile ile. Pesa ikitosha shati moja, basi shati halinunuliwi. Siku Mbuyi alipochapwa kwa kuvunja dirisha la watu, Kabanga naye alichapwa, huku akiapa kwamba hakuwepo. Mimi, Tshiala, niliishi na Clotilde ua mmoja na tuliuza maandazi pamoja nje ya kituo cha treni cha Kamina, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kumwambia kuwa huo ni wazimu.

"Mapasa banabagabulia sawasawa, mama," alinijibu. "Chenye unapatia mumoja, patia na mwenzake. Ukimunyima, atajitafutia mwenyewe."

Kwetu sisi Waluba wa Kasai hilo si la mzaha. Mapasa hupewa kwa usawa, na mmoja akifa, haliliwi. Watu hujipaka ile chokaa nyeupe tunayoiita pemba, wakaimba nyimbo za mapasa zenye matusi, wakacheza. Machozi yakimwagika, yule aliyebaki atadhani anaitwa, naye atamfuata ndugu yake. Siamini kila nilichoachiwa na bibi zangu, ila hili sijathubutu kulijaribu.

Clotilde aliivunja sheria yake mara moja. Mbuyi alisikia kwamba hoteli moja ya Kalemie, kule kwenye ziwa Tanganyika, inatafuta vijana wawili wa kutembeza wageni. Kuwapeleka kwa boti asubuhi, kuwasimamia wakiogelea, kuwapandisha milima iliyo nyuma ya mji, kuwachomea samaki jioni. Masika na kiangazi, wageni hawakosekani. Mapasa wote wawili walifunga mabegi. Mama yao akamwachia Mbuyi aende, akamzuia Kabanga. Baba yao alikwisha kufa, na magunia ya unga yalitaka mtu wa kuyabeba. Kabanga alilifungua begi lake, na tangu siku ile akawa mtu wa maneno machache.

Mbuyi alitutumia video. Maji ya buluu mpaka upeo, wageni wakipiga kelele kwenye mawimbi, yeye amevaa koti la kuokolea la rangi ya machungwa na meno yote nje. Clotilde aliziangalia huku maandazi yakiungua. Kabanga hakuziangalia.

Mwaka jana wakati wa mvua upepo uliipindua boti. Mbuyi aliwatoa wageni wake mmoja mmoja, na alipomtoa wa mwisho, mikono yake ilikuwa imeishiwa nguvu. Walimzika huko huko, juu ya kilima.

Kamina tukampaka Clotilde pemba, tukaimba. Naye alicheza. Alicheza vizuri, kiuno na mabega, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba. Mimi nilikwenda kulia chooni, nikajiziba mdomo kwa kitenge. Yeye hata chooni hakulia. Alikuwa akimwangalia Kabanga kila alipokaa, kila alipokohoa.

Mukendi, shemeji yake Clotilde, ndiye aliyesema kuwa Kabanga aonyeshwe mahali ndugu yake alipolala, la sivyo atamtafuta maisha yake yote. Tukapanda treni watatu, Clotilde, Kabanga na mimi. Clotilde hapendi treni. Alikuwa mtoto mdogo walipofukuzwa Likasi miaka ile ya tisini, Waluba wa Kasai walipoambiwa warudi kwao, na kituoni ndiko alikomwona baba yake akilia mbele ya watu, kila mtu akilia, na hakuna aliyemuuliza mwenzake sababu. Treni yao ilipofika Kamina, hawakuwa na nguvu ya kuendelea, wakabaki.

"Naenda naye, narudia naye," aliniambia behewani, Kabanga akiwa amelala. "Na sitalia. Weye, ukiona nataka kulia, nipige kofi."

Nilimwahidi.

Kalemie ni pazuri, na uzuri wake ulinikera. Tulifika pale hotelini na vumbi la njia nzima kichwani, msichana mwenye sare akatuletea juisi na kututakia mapumziko mema. Ufukoni watu walikuwa wakirushiana mpira majini. Bwana arusi alikuwa amembeba mkewe na kutishia kumtosa. Nilitaka kuwauliza wanachekea nini. Maji ni yale yale.

Théo, mwenye hoteli, alikuja akiwa amevua kofia. Alikuwa mtu mwema, sina la kumlaumu. Alitupandisha mwenyewe kilimani, na pale kaburini tukaimba. Kutoka pale ziwa lilionekana lote. Clotilde aliimba huku ameinua uso juu, kama mama anayezuia damu ya pua. Sauti ilimkatika, nikainua mkono wangu, akatikisa kichwa, akaendelea.

Kesho yake asubuhi hatukumwona Kabanga kitandani. Tulimkuta ndani ya boti, mbali kidogo na ufuko, pamoja na vijana wa hoteli, amevaa koti la ndugu yake. Kwa macho ya mbali alikuwa Mbuyi. Clotilde alishika mkono wangu mpaka kucha zikaingia. Boti ilizunguka, ikarudi, na Kabanga akaruka mchangani akicheka. Mwaka mzima sikuwa nimemsikia akicheka.

"Mama, patroni ananipatia kazi ya Mbuyi," alisema. "Minyi nabakia huku."

"Hapana."

"Mama..."

"Nimesema hapana! Nilikuya na weye, narudia na weye. Ile maji ilinikulia mutoto mumoja, haitoshe?"

Kabanga alipiga magoti mchangani, mbele ya wageni wote wale wenye nguo za kuogelea.

"Mbuyi ulimupatia ziwa," alisema. "Minyi ulinipatia magunia. Sikusema kitu. Leo naomba fungu yangu, mama. Njo ile tu."

Ningekuwa mimi, ningemvuta sikio hadi kituoni. Lakini mimi sikuzaa mapasa. Nadhani Clotilde alikuwa akitafuta jibu, na kila alilolipata lilikuwa limekwisha kuvunjwa na maneno yake mwenyewe ya miaka yote ile. Mwishowe aliinama, akashika kamba za lile koti, akazikaza moja moja, kwa nguvu, mpaka mtoto akalalamika kuwa hawezi kupumua.

"Kila siku uifunge vile," alisema.

Siku ya kuondoka Kabanga alitusindikiza. Kituo kilijaa mabegi, ndoo za samaki wakavu, watu wanaokumbatiana. Mhudumu alipopuliza filimbi tukapanda, na treni ilipojikokota Clotilde alitoa kichwa dirishani. Kisha akalia.

Hakulia kwa kujizuia. Alipiga ukelele kutoka tumboni, akapiga ubavu wa behewa kwa viganja, kilemba kikamwanguka. Nilikumbuka ahadi yangu, nikainua mkono. Ndipo nikasikia jina.

"Kabanga! Kabanga yangu! Kabanga, unaniacha! Kabanga, nitabakia na nani?"

Nikaushusha mkono wangu. Mtu anayebaki mbali huliliwa, mapasa au si mapasa. Abiria walimtazama kwa huruma ya kawaida, na mama mmoja akampa kitambaa.

"Mama, usilie! Nitakuya Noeli!" Kabanga alikuwa akikimbia kando ya treni. "Minyi niko muzima!"

Alilia hata mtoto alipokwisha kupotea machoni, hata mji ulipokwisha, hata ziwa lilipofichwa na milima. Lile jina moja tu, mpaka sauti ikakauka. Jina la pili hakulitaja hata kwa bahati mbaya, na kila mara nilimsikia akilimeza.

Giza lilipoanza kuingia alivuta kilemba chake kutoka chini ya benchi, akakikung'uta vumbi.

"Tshiala," aliniuliza kwa sauti iliyobaki. "Bantu banasikia nalilia nani?"

"Mwenye anabakia," nilimjibu. "Bote banasikia mwenye anabakia."

Alifunga macho. "Aksanti," alisema, akaegemea bega langu.