Nilivyoogea Maji ya Pampu ya Mama Mkwe

Jamani, nimeaibika mara nyingi maishani, lakini aibu ya kusimama uani kwa wakwe siku za fungate, kikoi kiunoni, povu limenikaukia mpaka kwenye nyusi, huku wazee wenye kanzu wanaingia mlangoni kuja kunywa chai, hiyo sijaisikia kwa mtu mwingine yeyote, na kama leo naisimulia huku nacheka ni kwa sababu yuko mtu aliyeniokoa.

Wakati ule nchi ndiyo kwanza imepata uhuru, na mimi ni kijana wa Dzamandzar, kisiwani Nosy Be, kazi yangu ni pampu za kiwanda cha sukari. Si pampu za mkono, la, pampu za umeme, unabonyeza kitufe inanguruma, na ikikataa kuvuta unafungua kizibo cha juu, unaijaza maji mpaka yafurike, unafunga, unabonyeza tena. Ndiyo kazi niliyoifanya kila siku, kuzinywesha pampu maji ili zivute maji (shikeni hilo, maana ndilo lililonitia aibu zaidi). Kwa hiyo watu wangu walipokwenda mji wa Mahajanga, mtaa wa Mangarivotra, kuniposea Echa, sifa waliyonipa ilikuwa hiyo hiyo: kijana wetu ni fundi wa pampu, si mtu wa hivi hivi. Mama yake Echa, Bi Zahara, akakubali. Kaka yake Bi Zahara, Mjomba Hamadi, hakukubali, na kwetu sisi wenye asili ya Ngazija mjomba wa mke si mtu wa kupuuzwa. Alitaka Echa aolewe na mtu wa mtaani hapo, akasema mbele za watu kwamba mafundi wa Nosy Be kazi yao ni maneno, mikono hawana. Siku ya ndoa alikuja kwa kumstahi dada yake, akala wali wake, akaondoka bila kunipa mkono.

Echa alilia. Ilibaki nafasi moja tu, siku wazee watakapokuja kunywa chai nyumbani kwetu, na Mjomba akiwa miongoni mwao. Akinipa mkono siku hiyo, ugomvi umekwisha. Akikataa, mke wangu ataishi mtaa mmoja na mjomba wake kama watu wasiojuana.

Sasa, kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, nyumba ni ya mke, na siku za mwanzo bwana harusi hagusi kazi. Anakaa ndani, anafukizwa udi, analishwa, na kila anacholetewa kinakuja kimefunikwa: samaki amefunikwa, mkate wa sinia umefunikwa, hata maji ya kuoga wanamtekea wao, wanayaweka uani yamefunikwa. Na mtu huzoea raha upesi. Kwa siku chache zile mimi nilishaamini kwamba kila kilichofunikwa katika nyumba ile ni changu.

Asubuhi ya wazee kuja nikaamka nyumba iko kimya, wanawake wote wako jikoni kwa jirani wanapika, maana jiko letu lilikuwa dogo kwa shughuli ile. Nikasema nioge mapema wazee wanikute nimeshavaa. Nikatoka uani, na pale karibu na pampu ya mkono nikaona ndoo imejaa, imefunikwa kwa sahani. Ya nani tena, kama si ya bwana harusi? Nikaibeba mpaka bafuni, nikajimwagia kopo baada ya kopo kama mtu mwenye mto wake, nikajipaka sabuni kichwani mpaka vidoleni, nikachota tena, kopo likagonga ndoo tupu.

Si neno, nikajiambia, pampu ile pale. Nikatoka na povu langu, nikashika mpini, nikapiga, na pampu ikatoa mlio tu na upepo. Hapo ndipo nikaelewa. Pampu ile ilikuwa kuukuu, kilango chake cha chini kinavuja, kwa hiyo usiku maji yote yanarudi kisimani na ngozi ya ndani inayozuia hewa inakauka, na asubuhi haivuti kitu mpaka umimine maji kwa juu kwanza. Ile ndoo ilikuwa chakula chake. Bi Zahara huijaza kila jioni na kuifunika paka wasinywe maji yake. Mimi, niliyelipwa mshahara kwa kunywesha pampu, nimeogea maji ya pampu.

Mwenye akili angekwenda kwa jirani akasema ukweli. Mimi nikaona nitaitengeneza kimyakimya. Nikaenda kuchukua spana (nilikuja nayo fungate, ilikuwa sandukuni katikati ya kanzu, msinicheke), nikafungua kichwa cha pampu, nikaitoa ile ngozi, nikaipaka mafuta ya nazi ya Echa ilainike, nikairudisha. Nikaingia ndani kwenye mtungi wa kunywa, nikakuta maji kidogo ya chini, nikayamimina yote, pampu ikayameza na haikutoa hata tone. Nikapiga mpini kwa nguvu zaidi, na kelele zile za chuma zikaenda mtaa mzima, bibi mmoja wa jirani akachungulia juu ya ua, akauliza kwa Kimalagasi kama tunachinja, na kwa nini mnyama hafi.

Kelele hizo ndizo zilizomtoa Bi Zahara kwa jirani, akaingia kwa mlango wa nyuma ameshika birika kubwa la chai ya wageni, Echa nyuma yake, na wakati huo huo kwa mlango wa mbele akaingia Mjomba Hamadi na wazee wake.

Bi Zahara akaitazama ndoo tupu, akanitazama kichwa changu cheupe, akaitazama spana. Nikaona wazi kwamba ameelewa kila kitu, na nikangoja kumalizwa.

"Zahara," Mjomba akasema, "mkwe wako anafanya nini?" (Yote yalisemwa kwa Kingazija chetu kilichochanganyika na Kimalagasi, mimi nawapa kwa Kiswahili.)

"Nimemtuma mimi, kaka," Bi Zahara akajibu. "Pampu imenisumbua mno. Nimemtoa bafuni mwenyewe."

"Unamfanyisha kazi bwana harusi?"

"Si ulisema mafundi wa Nosy Be hawana mikono? Nikataka niione."

Halafu akanisogezea birika. "Haya, mwanangu, inyweshe."

Nikamnong'oneza, "Mama, hii si chai ya wageni?"

"Tutachemsha nyingine maji yakipatikana. Na wewe, kaka, shika mpini, mwenzio mikono yake ina sabuni."

Mjomba Hamadi alitazama huku na huku, lakini wazee wote walikuwa wanamtazama yeye, basi akakunja mikono ya kanzu, akashika mpini. Mimi nikamimina chai taratibu kwa juu, tangawizi, iliki, sukari na vyote vyake, kisha nikaziba mdomo wa pampu kwa kiganja isivute hewa, yeye akapiga, akapiga tena, mpaka nikaona mpini umemzidi uzito.

"Imeshika," akasema, na nilisikia furaha katika sauti yake, ile furaha ambayo mtu wa pampu hawezi kuificha.

Nikaondoa kiganja. Chai yote ikamrukia kifuani, kanzu nyeupe ikawa ya kahawia kuanzia shingoni. Nyuma yake yakafuata maji safi, mengi, baridi.

Mjomba akaitazama kanzu yake. Akalamba kidole. "Dada," akasema, "sukari umezidisha."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mjomba akaijaza ndoo mwenyewe, akanimwagia kichwani mbele ya kila mtu, povu lote likaenda, kisha akaninyooshea mkono. "Lete mkono, mwanangu." Echa alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Bi Zahara hakuwahi kumwambia kaka yake ukweli, wala hakunigombeza, hata tulipobaki peke yetu. Jioni ile nilikuta uani ndoo mbili, moja imefunikwa kwa sahani, nyingine kwa kitambaa kilichotariziwa. "Ile yake, hii yako," akasema, akapita zake.

Miaka ikapita, umeme ukafika uani kwetu, nikafunga pampu ya umeme kwa mikono yangu, na nilipofungua kizibo cha juu niijaze maji, mama mkwe akatoka jikoni amebeba birika la chai, eti pampu za nyumba hii zimeshazoea.

Sasa hayupo, Mungu amrehemu. Mimi sigusi kilichofunikwa mpaka niulize ni cha nani, hata sahani yangu mwenyewe, na Echa hunicheka. Nilikuwa mgeni wake wa siku chache, nimemmalizia maji siku ya wageni, naye mbele ya watu wote akaniita mwanangu. Pampu ya umeme haihitaji ndoo uani kila siku, lakini kila jioni naweka mbili, moja naifunika kwa sahani, nyingine kwa kile kitambaa chake.