Kengele ya Chumba Kisicho na Mtu

Kengele ya kuitia kutoka chumbani kwa mama mkwe wangu ililia. Na mama mkwe wangu mwenyewe alikuwa mbele yangu sebuleni, anakunja nguo.

Akaacha kukunja.

"Nani yuko chumbani kwangu?" akauliza.

Nikaenda kuchungulia. Kitanda kimetandikwa, dirisha limefungwa, kitufe cha kengele kiko ukutani palepale. Hakuna mtu.

Nianze mwanzo msije mkaniona chizi. Mimi ni fundi kompyuta. Mama alihamia kwetu baada ya mguu kupooza, na mume wangu, mtu wa safari, akaniachia kibarua: "Mtengenezee Mama kitu cha kutuitia."

Nikachukua kompyuta ndogo, ile ya bodi moja inayoenea kiganjani, nikaifunga sebuleni pamoja na kengele. Waya ukapita ukuta wa bafuni mpaka kwenye kitufe chumbani kwake. Akibonyeza, inalia.

Ningeishia hapo ningekuwa na akili.

Lakini umeme ukikatika na kurudi, kidude kilichukua muda kuamka. Nikajiundia kerneli yangu mwenyewe. Kerneli ndiyo moyo wa mfumo, ndiyo inayosikiliza kila waya na kuamua cha kufanya. Nikafyeka kila nilichoona hakina kazi. Kikawa kinaamka chap! Nikatembea kifua mbele.

Baada ya hapo ndipo kengele ikaanza kulia yenyewe.

Hasa mchana, Mama akishaoga na kuja kukaa nami. Jirani yetu, bingwa wa kutia watu hofu, akasema nyumba ina mtu asiyeonekana. Mama akanong'ona, "Ni marehemu mume wangu. Hakuwa akiacha kuniita." Akahamia kulala sebuleni.

Mimi nikajifanya jasiri, nikakagua kazi yangu mstari kwa mstari. Sikuona kitu. Kengele ikilia tu, moyo unataka kunitoka.

Siku moja Mama akaenda kwa jirani kupiga soga. Nikabaki jikoni na redio yangu.

Kengele ikalia.

Safari hii haikuacha. Inalia, inakatika, inalia tena, kama mtu anayegonga mlango huku anachoka.

Nikajikokota hadi sebuleni, nikashika plagi niing'oe, huku nampigia jirani simu.

"Jirani, mwambie Mama asije kwanza. Huyo mtu amekuja."

"Mama yupi? Mbona ameshaondoka kitambo! Amesema anarudi kuoga."

Mkono ukaganda kwenye plagi.

Nikakimbilia chumbani. Hakuna mtu. Kengele bado inalia. Nikaanza kuufuata waya ukutani, mpaka bafuni.

Mama alikuwa chini, mguu mbovu umekunjika chini yake. Alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, na redio yangu ikafunika sauti yake. Waya umeng'oka ukutani, ameushikilia mkononi, palepale nilipouunganisha nikasahau kuzungushia tepu. Umeme wake ni mdogo, hauui hata nzi.

"Nimeita mpaka sauti imekauka," akasema. "Nilipoteleza nikaudaka huu. Nikiubana nasikia kengele inalia. Nikawa naubana, mwanangu."

Nililia kama mtoto.

Pembeni lilikuwa limeanguka taulo lake lililoloa.

"Mama, huwa unalitundika kwenye waya?"

"Nilitundike wapi, na wewe msumari hujanipigilia?"

Basi, mzimu wetu ulikuwa taulo. Katika kufyeka kwangu niliondoa kile kinachoufanya waya utulie mpaka kitufe kibonyezwe. Ukabaki hauna wa kuushika: ukiguswa na maji au mkono, kompyuta inadhani Mama anaita.

Mguu ulioumia ulitibiwa, maumivu yakaisha. Kerneli nimeirekebisha. Msumari nimepigilia. Na bafuni nimeweka kitufe kingine chini kabisa, karibu na sakafu, maana aliyeanguka hafiki juu.

Lakini mpaka leo nikiikumbuka ile plagi, jasho linanitoka. Kwa kuogopa mzimu, nilibakiza kidogo tu nimnyamazishe mtu aliye hai.

Kitu kikikutisha, ndugu yangu, kifuate hadi mwisho wa waya kabla hujakizima. Huenda kuna mtu ameushika upande wa pili.